Waridi la kutambaa ndani ya chungu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka zaidi kwa wakaaji wa ghorofani na wa nyumba za kupanga: watu wenye roshani, baraza au kipande cha ukuta, lakini hawana ardhi ya kuchimba shimo. Majibu yanalenga hali ya hewa ya Nairobi, Arusha, Dar es Salaam na miji inayofanana nayo. Walioko Ghuba na Ulaya watakuta majibu yao mbele kidogo. Kama una muda wa kusoma majibu mawili tu, soma la ukubwa wa chungu na la kulaza mashina. Waridi linaloishi chunguni bila kuchanua, mara nyingi limekosa kimojawapo kati ya hivyo viwili.

Je, waridi la kutambaa linaweza kweli kuishi chunguni?

Linaweza, tena miaka mingi, mradi ulipe mizizi nafasi na ubadilishe udongo kabla haujachoka. Ila fahamu kwamba waridi halina vikono vya kujishikia kama pasheni. Linarefusha mashina tu, na porini huegemea vichaka vingine kwa miiba yake. Nyumbani kazi ya kulishikilia ni yako: ukuta wenye waya, fremu ya mianzi, au nguzo tatu zilizofungwa pamoja kileleni. Weka hicho cha kuegemea siku ileile ya kupanda. Ukichomeka nguzo mwaka mmoja baadaye utakata mizizi.

Chungu kiwe na ukubwa gani?

Kina kisipungue sentimita 45, na ujazo uwe kati ya lita 50 na 60. Kikizidi hapo ni bora zaidi. Ndoo ya rangi ya lita 20 inafaa kulelea mche mchanga kwa miezi kadhaa, lakini ukiuacha humo mizizi itajizungusha ukutani mwa ndoo, udongo utakauka kabla ya saa tisa alasiri, na mmea utatoa mashina membamba yenye maua mawili matatu.

Pipa la plastiki la lita 200 lililokatwa katikati linakupa vyungu viwili vya lita 100 hivi, na kwa maoni yangu hakuna chombo kinacholishinda kwa bei yake. Uliza kwanza lilibeba nini. Lililokuwa la juisi au mafuta ya kula lioshe utumie, ila la kemikali liache. Toboa matundu sita hadi manane chini, yenye upana wa kidole gumba. Likiwa jeusi na linapigwa na jua la mchana, lipake rangi nyeupe kwa nje au lifunike kwa gunia, kwa sababu mizizi iliyo upande wa jua hupikwa.

Chungu cha udongo wa mfinyanzi kinapendeza na kinapumua, ila maji hupotea haraka. Cha saruji hakiangushwi na upepo. Kabla hujapandisha chochote kwenye roshani, piga hesabu ya uzito: lita 60 za udongo uliolowa zinaweza kufika kilo 80. Viweke vyungu karibu na ukuta wa nyumba, si kwenye ukingo wa nje, na kama jengo ni la zamani muulize mwenye nyumba kwanza.

Niweke kokoto chini ya chungu ili maji yatoke?

Hapana. Ushauri huu umeenea sana, lakini maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto. Husimama juu ya tabaka la kokoto, na hapo ndipo mizizi ilipo. Unakuwa umepunguza kina cha chungu bure. Funika matundu kwa kipande cha chandarua au kigae kimoja, kisha ujaze udongo mpaka chini. Chungu kiinue juu ya matofali mawili ili matundu yasizibwe na sakafu. Usiache sahani yenye maji chini yake: mizizi itaoza, na mbu watataga humo.

Udongo gani unafaa?

Udongo wa shambani peke yake hugandamana chunguni na kuwa kama tofali. Mimi huchanganya sehemu mbili za udongo wa juu wenye rutuba, sehemu moja ya mboji au samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, na sehemu moja ya kitu cha kuachia hewa. Kenya hicho ni pumisi, yaani mawe mepesi ya volkano, ambayo hata mashamba ya mawaridi ya Naivasha huyatumia kuoteshea. Usipoipata, tumia mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa. Mchanga wa pwani una chumvi, usiuguse. Makapi ya nazi ni mazuri pia, ila nayo huwa na chumvi: yaloweke, yakamue, umwage maji, urudie mpaka maji yatoke safi.

Samadi iliyoiva haina harufu kali na ukiishika haina joto. Ikinuka zizi bado, itaunguza mizizi. Waridi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, pH ya 6 hadi 6.5.

Ninunue aina gani?

Kwenye vitalu vyetu vingi mawaridi huuzwa kwa rangi, si kwa jina. Kwa hiyo uliza maswali mawili: linachanua mara moja kwa mwaka au linarudia? Na likikomaa linafika urefu gani? Kwa chungu unataka linalorudia kuchanua na lisilozidi mita mbili na nusu hadi tatu. Omba kuona mmea mama.

Ukipata miche yenye majina, jihadhari na majitu. 'New Dawn', waridi la rangi ya pinki hafifu lililopewa hataza (haki ya kisheria ya mzalishaji) ya kwanza kabisa ya mmea nchini Marekani mwaka 1931, hukua kupita mita nne. Liache kwa mwenye ukuta mrefu na ardhi. 'Zéphirine Drouhin', la Ufaransa la mwaka 1868, lina harufu tamu na halina miiba, jambo zuri kwenye roshani yenye watoto, lakini huugua madoa meusi upesi, na katika miji ya unyevunyevu litakusumbua. Aina fupi zilizozalishwa makusudi kwa nafasi ndogo, kama 'Warm Welcome' la rangi ya machungwa, ndizo zinazoendana na chungu.

Ukifika kitaluni, usivutiwe na ua lililofunguka. Tazama shina chini: pale mche ulipobebeshwa, yaani ulipounganishwa na mizizi ya waridi lingine, pana fundo lenye kovu, na juu yake unataka kuona angalau mashina mawili au matatu mazima ya kijani. Inua kidogo uangalie matundu ya kifuko. Mizizi myeupe au ya hudhurungi iliyopauka ni mizima. Iliyo myeusi na laini imeoza.

Nimeotesha bua la waridi kutoka kwenye shada. Litatambaa?

Halitatambaa. Mawaridi ya mashada, yawe ya Naivasha au ya Arusha, ni ya jamii ya kichaka, yaliyochaguliwa kwa bua refu lililonyooka na ua linalovumilia safari ya ndege. Ukifanikiwa kuliotesha utapata kichaka cha kimo cha kiuno au kifua. Ni mmea halali, lipe chungu chake, lakini usilingoje lifunike ukuta. Kumbuka pia kwamba mengi yamezoea nyumba za plastiki zinazokinga mvua, kwa hiyo nje huugua kwa urahisi.

Linahitaji jua kiasi gani?

Saa sita kwa siku, na jua la asubuhi ndilo bora kwa sababu linakausha umande mapema. Pwani, kivuli chepesi kuanzia saa nane mchana kinasaidia. Roshani isiyopata jua la moja kwa moja haitatoa maua hata uweke mbolea ya aina gani. Huko panda kitu kingine.

Nimwagilie mara ngapi?

Usifuate kalenda. Chomeka kidole mpaka pingili ya pili. Pakiwa pakavu, mwagilia taratibu mpaka maji yatoke chini, kisha acha. Kiangazi cha Januari na Februari huenda ikawa kila siku. Wakati wa masika unaweza kumaliza wiki bila kugusa ndoo. Kikombe kimoja kila jioni ni mazoea mabaya: kinalowesha juu tu, mizizi inabaki juu, na siku ukisafiri mmea unaanguka.

Mwagilia udongo, si majani. Tandaza majani makavu au nyasi zilizokatwa, unene wa sentimita tano, bila kugusa shina. Kama maji yako ni ya kisima na yana chumvi, utaona ukoko mweupe ukijitokeza kwenye udongo na kando ya chungu, na ncha za majani zikiungua. Hapo mwagilia kwa wingi, mara mbili au tatu ya kawaida, ili maji yapite na chumvi yake. Afadhali zaidi, kinga maji ya mvua.

Waridi langu limefika juu, lakini maua yako kileleni tu. Kosa liko wapi?

Hili ndilo swali ninalopenda zaidi, kwa sababu dawa yake haina gharama yoyote.

Shina la waridi likisimama wima, ncha yake hutengeneza homoni inayoshuka chini na kuyazuia macho yaliyo ubavuni yasichipue. Nguvu yote inakwenda juu, na maua hutokea huko huko. Ukililaza shina hilo, amri ya ncha hulegea na macho ya ubavuni huamka. Kila jicho hutoa tawi fupi, na kila tawi fupi hubeba maua. Shina moja lililolazwa vizuri linaweza kuchanua tangu karibu na chungu hadi mwisho.

Ukiwa na ukuta, funga waya za mlalo kila sentimita 30 na uyatandaze mashina kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Ukiwa na nguzo tu, zungusha shina kuizunguka nguzo kwa mzunguko wa kulala, kama ngazi ya mnara. Fanya hivyo shina likiwa bado changa, lenye wekundu kidogo na linalopinda bila mlio wa kupasuka. Lishike kwa mikono miwili, gumba la chini likilizuia na la juu likilisukuma polepole. Likigoma, liache ulipofika, lifunge, urudi baada ya siku nne au tano. Shina kavu la miaka mitatu usilipinde, litapasuka.

Fungia kamba ya katani au utepe wa fulana kuukuu. Izungushe kwa umbo la nane, msalaba wa kamba ukikaa kati ya shina na nguzo, na uache nafasi ya kupitisha kidole. Waya mtupu hukata ganda shina likinenepa.

Nipogolee lini, maana huku hatuna baridi ya kuliangusha majani?

Vitabu vingi vimeandikwa kwa nchi ambako waridi hulala majira ya baridi. Hapa karibu na ikweta halilali kabisa, kwa hiyo kazi ni ndogondogo za mwaka mzima, pamoja na kupogolea kukubwa mara moja. Chagua kipindi kikavu kabla ya mvua, mwishoni mwa Februari au katikati ya Septemba, ili mvua ikute macho yakianza kuchipua na vidonda vimeshakauka.

Miaka miwili ya kwanza usikate mashina makuu. Ondoa yaliyokufa, yaliyovunjika na yanayosuguana tu. Baada ya hapo, matawi ya ubavuni yaliyokwisha kuchanua yafupishe yabaki na macho mawili au matatu. Kila mwaka chagua shina kuu moja lililozeeka, ulikate kutoka chini kabisa, na nafasi yake uifungie chipukizi jipya. Kwa chungu, mashina makuu manne hadi sita yanatosha.

Ua likinyauka, kata juu ya jani la kwanza lenye vijani vitano na jicho linalotazama nje. Mkasi uwe mkali na ufutwe kwa spiriti kila unapohamia mmea mwingine.

Mbolea gani, na kiasi gani?

Chungu hakina akiba, kila umwagiliaji huondoka na chakula. Kijiko kimoja cha chakula, kilichosawazishwa, cha NPK 17:17:17 (mbolea yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa) kila wiki nne hadi sita kinatosha chungu cha lita 60. Lowesha udongo kwanza, nyunyiza mbali na shina, kisha mwagilia tena. Mara mbili kwa mwaka ongeza tabaka la mboji iliyoiva. Anayetumia samadi ya maji aizimue mpaka ifanane na chai ya rangi.

Mbolea za urea na CAN zina nitrojeni nyingi: utapata majani mapana ya kijani, laini, yanayopendwa na vidukari, na maua machache. Maganda ya ndizi na ya mayai hayadhuru, ila yatupie kwenye mboji yaoze huko. Yakiwekwa mabichi chunguni huvuta nzi na hayatoi chakula kwa muda mrefu.

Kuna chipukizi lenye majani tofauti linatoka chini. Ni nini?

Kama linatoka chini ya lile fundo la kubebeshea, ni shina la mzazi wa mizizi, aghalabu 'Natal Briar' kwa miche ya Afrika Mashariki. Likiachwa litameza waridi ulilonunua. Fukua udongo mpaka lilipoanzia, ulinyofoe kwa mkono. Ukilikata usawa wa udongo litarudi likiwa matatu. Lakini chipukizi nono, jekundu, linalotoka juu ya fundo ni hazina: hilo ndilo shina lako la mwaka ujao, lilinde.

Majani yana madoa meusi na yanapukutika. Mengine yana unga mweupe.

Ni magonjwa mawili tofauti ya kuvu. Madoa meusi yenye kingo zilizochanikachanika, jani likigeuka njano na kuanguka, huja jani likikaa limelowa kwa saa saba au zaidi. Ndiyo maana huanza na mvua. Unga mweupe, au ubwiri unga, hauhitaji jani kulowa: hupenda usiku wa baridi na unyevu, mchana mkavu na hewa iliyosimama, kama Nairobi ya Juni na Julai.

Kwa yote mawili, anza na usafi. Okota kila jani lililoanguka na usilitie kwenye mboji. Punguza matawi ya katikati hewa ipite, na usogeze chungu sentimita 15 kutoka ukutani. Ugonjwa ukizidi, dawa ya salfa au ya shaba kutoka duka la pembejeo inasaidia kuzuia, ila haiponyi jani lililokwisha kuugua. Fuata kipimo cha kwenye pakiti, piga jioni. Salfa isipigwe joto likizidi nyuzi 30, wala ndani ya wiki mbili za kupiga dawa yenye mafuta.

Na wadudu?

Vidukari, wale wadogo wa kijani wanaojazana kwenye ncha laini, wapige na maji ya bomba siku tatu mfululizo. Wakirudi, kijiko kidogo cha sabuni ya maji kwenye lita moja, baada ya kujaribu kwanza kwenye majani machache.

Adui mkubwa wa chungu ni utitiri. Majani hupauka, yanakuwa na vidoa vidogo kama yamepakwa vumbi. Weka karatasi nyeupe chini ya tawi, uligonge. Vumbi likianza kutembea, ndio wao. Hustawi kwenye joto na ukavu, hasa roshani zinazopigwa na jua la alasiri. Osha upande wa chini wa majani kila siku mbili, piga mafuta ya mwarobaini jioni, na ujitahidi mmea usikae na kiu. Dawa kali ya kuua kila mdudu huua pia wanaowala utitiri, na baada ya wiki mbili hali huwa mbaya zaidi.

Majani machanga ni ya njano lakini mishipa yake ni ya kijani. Ni njaa?

Ni upungufu wa madini ya chuma, na mara nyingi chuma kimo udongoni ila mmea haukifikii kwa kuwa udongo una chokaa nyingi. Hutokea sana Zanzibar, Mombasa na sehemu za Dar es Salaam penye ardhi ya matumbawe. Uzuri wa chungu ni kwamba unaweza kuubadilisha udongo wote. Kwa haraka, tumia chuma cha kelati (kilichotengenezwa ili mmea ukifyonze hata kwenye chokaa) na maji ya mvua.

Kwa hiyo pwani niache kabisa?

Usiache, ila rekebisha matarajio. Usiku wa joto humaliza akiba ya mmea, maua huwa madogo na hufunguka na kupukutika haraka. Kati ya Juni na Septemba ndipo utakapofurahi. Chagua aina zenye majani mazito yanayong'aa, weka mahali pa upepo, na chungu kiwe kikubwa kuliko cha mtu wa Limuru au Lushoto.

Niko Maskati. Je, inawezekana?

Inawezekana, kwa kalenda iliyogeuzwa. Msimu wako ni Novemba hadi Aprili. Pogolea Oktoba joto linapoanza kushuka. Kiangazi chenu mmea unangoja tu: uhamishie kivulini, mwagilia alfajiri, acha mbolea. Mawaridi yanayotoa marashi ya Jabal Akhdar, milima ya Oman, huvunwa mwezi wa Aprili hivi, lakini yako juu mlimani, karibu mita 2,000, na ni ya kichaka. Usiyafanye kipimo cha baraza la Maskati.

Na Ulaya?

Huko fuateni vitabu vya huko: pogoeni mwisho wa baridi. La kuongeza ni moja: mizizi ya chunguni huganda mapema kuliko ya ardhini, kwa hiyo sogeza chungu ukutani na ukizungushie magunia.

Nawezaje kupata mche mwingine kutoka kwa huu?

Chukua tawi lililomaliza kuchanua, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20. Toa majani yote isipokuwa mawili ya juu, zika theluthi mbili yake kwenye mchanga na mboji, funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, weka kivulini. Mizizi huchukua wiki nne hadi nane. Usivutevute kuangalia. Aina zenye hataza haziruhusiwi kuzalishwa kwa kuuza.

Nibadilishe udongo baada ya muda gani?

Kila mwaka ondoa sentimita tano za juu uweke mboji mpya. Kila baada ya miaka miwili au mitatu, utoe mmea wote. Fupisha kwanza matawi ya ubavuni, legeza mafundo ya kamba, ulaze chungu ubavu, na mtu wa pili ashike mashina. Kata mizizi iliyojizungusha, kiasi cha robo ya bonge, rudisha kwenye udongo mpya kwa kina kilekile, na uweke kivulini kwa wiki moja au mbili. Anayehama nyumba afanye kazi hii wakati huo huo: fremu ikiwa imechomekwa ndani ya chungu badala ya ukutani, unabeba kila kitu kama kilivyo, na mwenye nyumba hakudai ukarabati wa matundu ya misumari.